Uzi: Kuhifadhi wima matanga yaliyovishwa tayari kwenye gati dogo la kuelea, Mombasa

Mkaa_Gatini

Asalaam aleikum wana-bahari. Nafungua uzi huu kwa sababu vijana wanaojifunza windisafingi (mchezo wa kusafiri juu ya ubao wenye tanga) hapa hori ya Tudor wananiuliza jambo hili kila mara, na maelezo mengi wanayoyakuta yameandikwa na watu wa maziwa ya Ulaya. Huko maji hayapandi na kushuka kila siku, na pepo zao hazifuati Kusi na Kaskazi.

Hali yetu ni hii. Gati ni la kuelea: upana mita 3, urefu mita 6, mapipa ya plastiki chini, mbao juu, na ngazi ya bawaba inayoliunganisha na ukuta wa pwani. Matanga ni manne, la mita za mraba 4.7, la 5.3, la 6.0 na la 6.6. Lile la 6.0 linavishwa mlingoti wa sentimita 430 na lina bumu (ule mshikio unaolizunguka tanga) la karibu mita 2. Laza matanga mawili tu juu ya gati na hakuna tena pa kukanyaga. Juu ya ukuta ni mawe ya matumbawe, na plastiki angavu ya tanga haistahimili ncha ya jiwe. Mchanga hatuna, maji yakipwa ni tope na mikoko. Kwa hiyo kuvisha na kuvua kila siku hapo hapo gatini ni kuwasimamisha wote wasubiri mtu mmoja amalize. Lazima matanga yakae yamevishwa, na yakae wima.

Wima kuna namna mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana kwenye vilabu vya nje: mlingoti juu, kitako chini, matanga yamepangwa kama sahani kwenye kichanja cha jikoni. Inapendeza, mtu anavuta lake na kwenda zake. Lakini fanyeni hesabu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, ambao Kusi inaweza kutuletea alasiri, ukilipiga tanga la 6.0 kwa ubavu unalisukuma kwa nguvu ya kilo 44 hivi. Ukifika mita 15 kwa sekunde nguvu inakuwa karibu kilo 100, maana upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nne. Matanga yote manne yakipigwa kwa ubavu na ule upepo wa kwanza, bila kuhesabu kwamba la mbele linalikinga la nyuma, ni kilo 165 zinazosukuma kwenye kimo cha mita 2 kutoka sakafuni. Kwa gati la upana wa mita 3, hiyo ni sawa na watu wazima watatu wamesimama ukingoni.

Namna ya pili ndiyo ninayoitetea hapa: mlingoti ulale mlalo, utundikwe kwenye mihimili miwili kwenye kimo cha mita 2.2, na tanga lining'inie chini yake kama pazia. Tanga bado limesimama wima, halimzuii mtu kupita, lakini kitovu cha nguvu ya upepo kinashuka kutoka mita 2 hadi mita 1.4 hivi. Na paa la kulifunika linaweza kuwa fupi. Mlingoti ukisimama unahitaji banda la mita 5, na banda la mita 5 juu ya gati la kuelea ni tanga jingine.

Naomba mawazo, hasa ya mafundi na wazee waliokaa na bahari hii. Tatizo ambalo bado halijatatuka ni Kaskazi. Gati letu limelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Kusi, inayotoka kusini-mashariki, inapita sambamba na matanga. Kaskazi, inayotoka kaskazini-mashariki, inayagonga ubavuni.

Bahari_Ni_Yetu

Kaka, mbona usiyavue tu? Tanga lililokunjwa halipeperuki. Mimi langu nalivua kila siku, nalikunja, nalitia mfukoni, nalala usingizi.

Mkaa_Gatini

Ndugu yangu, wewe unatokea ufuoni Bamburi, una mchanga mita hamsini na kivuli cha mvinje. Ningekuwa huko ningefanya hivyo hivyo. Hapa kuna vijana wanane na matanga manne, na maji ya kutosha kuelea na ubao wenye pezi ni saa chache kila siku. Robo saa ya kuvisha na robo saa ya kuvua, kwa zamu, na maji yameshaondoka. Mtoto aliyekuja kujifunza anarudi nyumbani hajalowa.

Lakini nakubali sehemu moja ya neno lako. Tanga lisilotumika wiki nzima lisiachwe limevishwa. Kichanja ni cha matanga ya kazi, yanayoingia majini leo na kesho. Malelezi yakifika, upepo umekufa kati ya misimu, yote yavuliwe, yaoshwe, yakaguliwe.

Binti_wa_Nyali

Naongeza hapo kwenye kuvua, kwa sababu kuna kitu kinachoharibu vifaa kimya kimya kuliko upepo.

Mlingoti ni vipande viwili vinavyoingiana. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye maungio, na punje ya mchanga ikiwemo, vinashikana. Viache miezi na utahitaji watu wawili wa kuvuta, kila mmoja kwa upande wake, na bado havitoki. Kwa hiyo hata kama tanga linakaa limevishwa, vuta mlingoti kila baada ya wiki moja au mbili, futa maungio kwa kitambaa na maji baridi (yasiyo ya chumvi), kisha rudisha. Kabla ya kurudisha, zungusha utepe wa plastiki juu ya maungio ili mchanga usipate njia.

Pili, usilitundike tanga likiwa limekazwa. Legeza kamba ya nyuma kwanza, ile ya kwenye bumu, kisha ile ya chini kwenye kitako cha mlingoti. Si lazima uzifungue, legeza tu mpaka mbavu (zile fito zinazolipa tanga umbo) ziache kusukuma na tumbo la tanga lilale. Tanga lililokazwa usiku na mchana linanyooka nyuzi mahali ambapo hukutaka linyooke, na kesho yake halishiki upepo vizuri. Na tena, lililolegezwa ni bapa, linachukua nafasi ndogo kichanjani.

Tatu ni jua, na hapa sitanii. Sisi tuko nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Machi na Oktoba jua linapita utosini kabisa. Ile plastiki angavu inaanza kuwa manjano, halafu inakuwa ngumu, halafu siku moja goti la mtoto linaipasua kama kioo. Kitambaa cha Dacron (cha nyuzi za polyester) kinavumilia zaidi lakini nacho kinachoka. Chumvi hata ukichelewa kuiosha leo, unaiosha kesho. Jua huwezi kuliosha. Nikiambiwa nichague kimoja kati ya kichanja kizuri bila paa na paa zuri na kamba mbili za kutundikia, nachukua paa.

Mkaa_Gatini

Dada, hapo kwenye paa tumefikiria makuti. Yanapitisha hewa na yanaua jua kabisa. Hofu yangu ni uzito yakinyeshewa, mvua ya Mei ikikaza, na pia upepo kuyainua kutoka chini.

Fundi_Mvinje

Nimesoma yote. Mimi ni fundi wa mbao na nimejenga magati kadhaa huku kwetu, hebu niseme ya ufundi.

Makuti juu ya gati la kuelea, hapana. Makuti yanataka mteremko mkali ili yamwage maji, mteremko mkali unataka kimo, na kimo ndicho ndugu yetu anachokikimbia. Tumia neti ya kivuli, ile nyeusi au kijani ya vitalu vya miche. Ni nyepesi, upepo unapita, mvua inapita, jua linapungua. Haizuii jua lote, kwa hiyo weka tabaka mbili juu. Ikichanika unabadilisha kipande.

Nguzo: mvinje ulionyooka, unene wa mkono wa juu, umenyauka vizuri kivulini. Nguzo sita, tatu kila upande. Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wanaponunua hasara. Nguzo haifungwi kwenye mbao za kukanyagia. Mbao zile zimeshikwa na misumari tu, na upepo ukisukuma juu unang'oa msumari mmoja mmoja kama mtu anayefungua sanduku. Fungua mbao, shuka mpaka kwenye mihimili mikuu inayobeba gati, na uikaze nguzo hapo kwa bolti mbili zenye washa pana, moja juu ya nyingine. Kisha mhimili wa mshazari kutoka nguzo hadi sakafu, pande zote mbili, usiozidi urefu wa mkono ili watu wasijikwae.

Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Zile za kupakwa zinki zinafaa pia, ila zikaguliwe kila msimu. Lakini hicho chuma kisigusane na bumu la alumini. Maji ya chumvi yakiwa kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Kila mahali tanga linapogusa kichanja, viringisha mpira wa tyubu ya gari. Unapatikana kwa mafundi wa panchari kila kona, na hakuna kilicho bora kuliko huo.

Mlingoti wenyewe usikae juu ya ndoano nyembamba. Ala ya tanga (ule mfuko unaoingia mlingoti) itakatika hapo. Tengeneza vitanda vya mkanda mpana, ule wa kufungia mizigo ya lori, umening'inia kama herufi U. Kimoja karibu na kitako, kingine kama mita moja kutoka nchani. Mtu anainua, anachomoa, anakwenda.

Sasa swali kwako mwenye gati: bumu lina upana gani tumboni? Maana matanga manne yakipangwa bumu kwa bumu, hesabu yako ya nafasi haitoki.

Mkaa_Gatini

Umegusa penyewe fundi. Bumu lina karibu nusu mita mahali penye upana zaidi. Yakipangwa sambamba kwa mwelekeo mmoja, manne yanakula mita 2 na zaidi, na gati lina mita 3. Dawa ni kuyapishanisha: la kwanza kitako kaskazini-magharibi, la pili kitako kusini-mashariki, la tatu kama la kwanza. Bumu linakaa mita 1.4 hivi kutoka kitako. Mlingoti una mita 4.3. Kwa hiyo ukipishanisha, bumu la tanga moja linaangukia mahali jirani yake ameshakuwa mwembamba kuelekea nchani, na hayagombani. Nafasi kati ya mlingoti na mlingoti inakuwa sentimita 30, na yote manne yanaingia kwenye mita moja na kidogo. Inabaki njia ya mita moja na nusu ya kupitishia mbao za windisafingi.

Lililo dogo liwe upande wa njia, maana ndilo linalotumiwa na wanaoanza, na ndilo linaloingia na kutoka mara nyingi.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Mimi vifaa vyenu sivijui, nimezoea mashua na tanga la pamba. Ila upepo na maji ya hapa nayajua, na naona mmehesabu upepo mkasahau maji.

Gati lenu linapanda na kushuka. Bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hukaribia mita 4. Maji yakiwa chini, gati limejificha chini ya ukuta. Kaskazi inapita juu ya vichwa vyenu na matanga hayana habari. Maji yakijaa, gati limepanda mpaka usawa wa ukuta na matanga yamesimama wazi.

Haya, sasa niambieni bamvua maji hujaa saa ngapi? Muulizeni mvuvi yeyote wa pwani hii. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Na saa kumi alasiri ndipo upepo wa bahari una nguvu, msimu wowote ule. Kwa hiyo gati lenu linakuwa juu kabisa wakati ule ule upepo unapokuwa mkali kabisa, na hili halitokei kwa bahati mbaya. Litatokea kila nusu mwezi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: alasiri maji yako chini, nanyi mko salama.

Basi msiangalie upepo peke yake. Angalieni mwezi. Kaskazi pamoja na bamvua, matanga makubwa mawili yashushwe kabla ya alasiri, yaviringishwe kwenye milingoti yao na kulazwa ukutani. Yaliyobaki mawili madogo kichanja kitayaweza. Siku za maji mafu, yaacheni yote.

Na usiku? Umande unavuma kutoka bara, mwanana. Si adui.

Mkaa_Gatini

Shikamoo ami. Hili sikuwa nimeliunganisha namna hii, na limenipa nilichokuwa nikikitafuta. Nilikuwa nawaza kichanja kinachogeuka kufuata upepo, na kwenye gati la mita 3 kitu cha mita 4.3 hakigeuki bila kutokeza nje pande zote. Kumbe hatuna haja ya kukigeuza. Siku za hatari zinajulikana kabla, ziko kwenye mwezi na kwenye jedwali la maji.

Fundi, na ule upande wa kaskazini-mashariki, tukiuziba kwa ubao mzima utasaidia?

Fundi_Mvinje

Usizibe kwa ubao. Ukuta mzima unasimamisha upepo mbele na kuuachia uzunguke nyuma, na huko nyuma ndiko matanga yaliko. Yatapigwapigwa, na tanga linalopigwapigwa linakufa haraka kuliko linalosukumwa. Tena ukuta huo nao utalisukuma gati lako. Weka neti ile ile ya kivuli, inayopitisha karibu nusu ya upepo. Upepo unapita umechoka, hauzunguki. Ifungwe kwa kamba za mpira pembeni, juu na chini, ili chamchela ikija kamba ndizo zitakazoachia kwanza na nguzo zibaki. Kusi ikirudi Aprili, ikunje mpaka Novemba.

Binti_wa_Nyali

Na pembe ya nyuma ya kila tanga ifungwe chini. Likining'inia bila kufungwa linabembea na kusuguana na jirani, na mahali pa kwanza kutoboka ni pale mbavu zinapokutana na plastiki. Kamba moja fupi kutoka ncha ya bumu hadi pete sakafuni, yenye mpira kidogo. Isikazwe kama waya, iwe tu ya kulizuia lisicheze.

Kuosha: najua maji baridi kwenu ni ya mitungi. Huhitaji mengi. Tanga likiwa limetundikwa, anza juu kwenye mlingoti, mwaga polepole, maji yashuke yenyewe na chumvi. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha matanga mawili kwa uangalifu. Hapa kutundika kuna faida ambayo tanga lililolazwa haliipati: maji hayatuami. Ila ala inabaki na unyevu kwa muda, kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa inamisha kitako chini kidogo ili ijikamue.

Na kunguru. Msicheke. Mombasa kunguru hawa wa mjini wako kila mahali, watafanya ule mlingoti kuwa kituo chao, na kinyesi chao kikikauka juani kwenye plastiki angavu kinaacha doa lisilotoka. Neti ya juu ishuke pembeni kiganja kimoja au viwili ili wasipate pa kutua.

Bahari_Ni_Yetu

Nimeelewa sasa. Swali moja: mtoto wa miaka kumi na miwili atalifikia tanga kwenye mita 2.2?

Mkaa_Gatini

Swali zuri. Hatalifikia, na hapaswi kulitoa peke yake. Watu wawili, mmoja kitako, mwingine nchani. Anayeshika kitako anafungua kamba ya chini kwanza, kisha wote wanainua pamoja na kutoka na mlingoti ukitangulia kuelekea upepo, tanga likifuata nyuma. Ukitoka na pembe ya nyuma mbele, upepo unaingia chini ya tanga na kuwatupa majini wote wawili pamoja na mlingoti. Hili nitalifundisha kabla ya somo la kusimama juu ya ubao.

Nikishusha mihimili hadi mita 2 ili wafikie, bumu la tanga la 6.6 litagusa sakafu. Naweza kuweka lile moja juu zaidi, upande wa nje, na madogo mita 2 upande wa njia.

Fundi_Mvinje

Inawezekana. Kila mhimili uwe 2.3 upande wa nje, 2.0 upande wa njia. Hata paa la neti litapata mteremko.

Nataka kuliona gati maji yakiwa yamepwa, nikague mihimili kutoka chini na kuhesabu mapipa. Pipa la lita 200 linabeba karibu kilo 200 likiwa limezama lote, lakini lile lenye maji ndani halibebi kitu, na kutoka juu hulijui. Kama kuna pipa bovu upande wa kusini-magharibi, huko Kaskazi itakakolisukumia gati, tulibadilishe kabla ya kusimamisha nguzo hata moja.

Mkaa_Gatini

Jumamosi ni siku mbili baada ya mwezi mwandamo, maji yatakuwa chini kabisa asubuhi ya saa tano kasoro. Njoo na spana, mbao za juu nitakuwa nimeshazifungua. Ami nahodha, ukipata nafasi na wewe ufike, tukuonyeshe gati lilivyolala ili utuambie Kaskazi inaingilia wapi hasa.

Nahodha_Mstaafu

Nitafika inshallah. Mniwekee kiti kivulini na kahawa.